Shingo ya Mashine ya Bakari

Jumatatu, 14 Juni 2004

Umerudi, mwanamke usiye na haya? Daftari limekaa juu ya kabati toka Ramadhani, mende wametafuna pembe, na wewe unalifuta vumbi kwa ncha ya kanga kama mgeni aliyepotea njia. Ulikuwa wapi miezi yote? Ulikuwa hapa hapa Mtanda unakoroga uji. Ungeshindwa kuandika hata mstari? Shule hukuiona hata mlango wake. Herufi ulipewa kwenye kisomo cha watu wazima, nywele zimeshaanza mvi, na sasa unazidharau kama za urithi. Hakuna mwingine wa kusoma humu ila wewe, Somoe. Basi usijifiche.

Haya. Uji wa asubuhi nimempa Bakari. Kanywa nusu. Nimemfuta mdomo, kageukia ukuta.

Hiyo ndiyo habari ya mwanangu. Mwaka jana kiharusi kilimshika. Mguu umerudi kidogo, mkono wa kulia haukurudi. Mkono uliochonga milango ya nusu ya Lindi sasa unalala pajani kama samaki aliyekufa. Wa kushoto upo, lakini anasema wa kushoto ni wa chooni, si wa patasi.

Mlango wa Mzee Likwata wa Mingoyo umeegemea ukutani uani. Ubawa wa kulia una maua toka juu mpaka chini. Ubawa wa kushoto mtupu. Bakari haangalii upande ule.

Hataki kufa kwa kelele. Anataka kufa kwa kunyamaza. Namwona.

Jumatano, 16 Juni

Zuhura kafika na basi la Dar. Binti wa Bakari. Mama yake aliolewa kwingine zamani, mimi ndiye niliyemlea, kichwa chake kigumu kwa hiyo ni changu. Anatengeneza printa na mashine za fotokopi huko mjini. Siku hizi kompyuta zilizochakaa zinashushwa bandarini kama nguo za mitumba, yeye anazifungua anazitoa matumbo.

Kaja na maboksi. Ndani mna vyuma, nyaya, mota alizozing'oa kwenye printa, na kompyuta moja nene kama kasha. Anataka kumjengea baba yake mashine ya kuchonga. Kompyuta inaamuru, mota zinazunguka, kisu kinatembea juu ya ubao. Kaomba likizo kwa ajili hiyo.

Kwenda mbele na nyuma, kulia na kushoto, alishavimaliza kwake. Kimebaki kupanda na kushuka. Yeye anauita mhimili wa wima. Mimi nauita shingo, maana ndiko kichwa cha mashine kinakoning'inia, kichwa chenye kisu.

Bakari hakumjibu salamu vizuri. Binti kalia jikoni, nikamwambia moshi utakupa sababu, lia.

Ijumaa, 18 Juni

Shingo imefungwa leo. Skrubu ndefu imesimama wima, mota iko juu yake, nati imeshika kichwa. Skrubu ikizunguka huku, kichwa kinapanda. Ikizunguka kule, kinashuka. Nilitazama mpaka maharage yakaungua.

Alasiri umeme ukakatika, kama kawaida yake. Mota ikalegea. Kichwa kikashuka chenyewe, kizito kama tofali, kisu kikagonga ubao wa majaribio kikavunjika. Zuhura alikuwa ametoka tu kuondoa mkono pale. Ametoka tu. Nilimpiga mgongoni kwa ukali wa hofu, kisha nikamkumbatia, kisha nikampiga tena.

Bakari alisikia kisu kinavunjika. Akageuza kichwa kutoka ukutani. Alitazama kwa muda. Sijaona macho yake yakitazama kitu hivyo toka mwaka jana.

Jumamosi, 19 Juni

Chande kaja kututukana. Mtani wetu, ni haki yake, na haki yake haiachi hata siku moja. Kasimama mbele ya mashine, kamwambia Bakari: "Ndugu yangu, wake wamekukimbia, sasa umeoa cherehani?" Bakari hakucheka. Chande hakukata tamaa. "Na shingo haina. Umeoa cherehani isiyo na shingo. Maskini wewe."

Lakini yeye ndiye aliyeleta kapi. Kalitoa kwenye chombo cha shemeji yake, sikuuliza kama shemeji anajua. Wakatundika kapi juu, kamba ikapita, upande mmoja kichwa cha mashine, upande wa pili kopo la rangi lililojaa mchanga. Zuhura akawa anaongeza mchanga kwa kijiko, anapunguza, anaongeza. Mwishowe ukikata umeme kichwa kinabaki pale pale. Kinaning'inia kama mtu anayefikiri.

Bakari akasema kwa sauti: "Mchanga ukilowa utazidi uzito. Ufunikeni." Hayo ndiyo maneno yake marefu kuliko yote toka Idi.

Nimekwenda chooni nikashukuru Mungu huko huko. Sikutaka wanione.

Jumapili, 20 Juni

Leo wameanza kutafuta sifuri. Sifuri ni pale kisu kinapougusa ubao bila kuuma. Zuhura anatandika karatasi ya sigara juu ya ubao, anakishusha kisu polepole, huku anaivuta karatasi. Ikiteleza, bado. Ikishikwa na kuchanika, umepita. Ikivutika kwa shida kidogo, kama mtoto anayekataa kuachia titi, hapo ndipo.

Akamwambia baba yake ajaribu. Bakari akasema mkono wa kulia hauwezi. Binti akasema, nani kakuuliza wa kulia?

Kachana karatasi nyingi. Kakasirika, kasema acheni. Kisha kaomba nyingine. Kufika adhuhuri mkono wa kushoto ulikuwa umeijua karatasi. Mchana kala wali wote. Nikampa na wangu.

Jumanne, 22 Juni

Ua la Bakari limeingia kwenye kompyuta. Zuhura alilipima kwenye ubawa wa kulia kwa sindano, kina kwa kina, siku mbili kainama mpaka shingo yake mwenyewe ikakakamaa. Jana alasiri wakajaribu juu ya kipande cha mwembe. Mashine ikachonga ua la Bakari. La kwake kabisa, na ile petali moja anayoipinda. Bakari aliligusa kwa kidole, akapitisha kidole tena. Jasho lilikuwa linamtoka.

Leo asubuhi wakachonga lingine, kwa furaha, mapema. Limeharibika. Petali za kwanza nzuri, za katikati zimezama, za mwisho zimetoboa ubao mpaka ng'ambo.

Mchana wakarudia. Zuri.

Alhamisi, 24 Juni

Asubuhi mbaya, mchana nzuri. Jana hivyo, leo hivyo. Zuhura amekagua nyaya, amekagua kompyuta, amenuna. Ananieleza huku anamenya mihogo vibaya: shingo ikiamriwa kupanda, haifiki juu. Inakwama njiani. Kompyuta haina macho, inadhani imefika. Halafu inaamuru kushuka, na kisu kinashuka kutoka pale pale chini kilipokwama. Basi kila mara kinazama zaidi. Nikamwambia nimeelewa. Mtu akidanganywa kuwa amefika, kila hatua inayofuata ni shimo.

Mzee Likwata katuma mtu kutoka Mingoyo. Nyumba yake imeisha, haina mlango. Anasema ana subira lakini wezi hawana. Mwezi ujao atachukua mlango kama ulivyo, ubawa mtupu atampa fundi mwingine amalizie.

Mkono wa mtu mwingine juu ya mlango wa Bakari. Nilimwona alivyousikia ujumbe huo. Uji wa jioni haukunywewa.

Ijumaa, 25 Juni

Tumejua.

Bakari alikwenda kuswali Ijumaa, Chande kamtoa tangu asubuhi akimshika kwapa, mara yake ya kwanza toka augue. Zuhura aliifungua shingo mara walipotoka, kabla jua halijapata nguvu. Kwenye meno ya skrubu kulikuwa na kitu cheupe, kimeganda kama samli. Kakitia puani. Kaniita. "Bibi, mashine yangu umeisuka nywele?"

Mafuta ya nazi.

Si mimi. Nilijua ni nani kabla sijafunga mdomo. Toka alipokuwa anafundishwa kazi, Bakari hajalaza patasi bila kuipaka mafuta ya nazi. Ndivyo mafundi wa hapa wanavyofanya, chumvi ya hewa hii inakula chuma kwa siku moja. Kila jioni Zuhura akienda kuoga, yeye anajikokota hadi kwenye mashine na kichupa chake, anaipaka shingo kwa mkono wa kushoto. Niliwahi kumwona, nikaona raha. Nilisema moyoni, mwanangu ana chombo tena.

Na sasa ni kipupwe. Asubuhi hizi hata chupa yangu ya nywele inaganda mpaka niiweke juani. Ndivyo yanavyoganda kwenye skrubu. Mota inavuta, inashindwa, shingo haifiki. Jua likipanda, mafuta yanayeyuka, kazi inakwenda.

Binti kakaa chini. Kasema baba asijue. Akijua ni yeye, hatoki tena ukutani.

Nikanyamaza. Mimi.

Jumatatu, 28 Juni

Tunadanganya. Asubuhi kabla Bakari hajaamka Zuhura anaisugua skrubu kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, anakausha, anapaka mafuta ya cherehani. Kazi inakwenda. Maua mawili ya kwanza yamekaa juu ya ubawa wa kushoto, tumeulaza mezani uani, ni wa mninga wenyewe, si majaribio. Jioni Bakari anapaka nazi yake. Asubuhi tunasugua.

Binti alijaribu kumwekea mafuta ya cherehani ndani ya kile kichupa chake. Bakari kanusa, kamwaga. Kauliza nani kachezea vitu vyake.

Anakula. Anaongea na Chande. Jana alimtukana Chande tusi zuri sana, siliandiki. Na mimi kila nikimtazama usoni nasikia kama nimemwibia.

Likizo ya Zuhura inakwisha. Akiondoka nani atasugua? Mimi. Kila asubuhi, maisha yangu yote yaliyobaki, nimfiche mwanangu mkono wake mwenyewe.

Jumatano, 30 Juni

Nimemwambia.

Zuhura alikwenda sokoni. Bakari alikuwa ameketi kwenye kigoda chake mbele ya ubawa. Akaninusa mikono. Akauliza: "Mama, mbona kila asubuhi nyumba inanuka mafuta ya taa na taa hatuwashi?" Ningesema ni mbu. Ningesema ni chawa. Aliuliza akinitazama. Baba yake alipokufa shambani, Bakari alikuwa hajaota jino la ukubwani, aliniuliza hivyo hivyo akinitazama, nikamwambia amekufa. Sikusema amesafiri.

Nikamwambia: ni mafuta yako, yanaganda. Nikamweleza yote, vizuri, kama Zuhura alivyonieleza. Nikamwambia hukukosea, ulifanya kazi ya fundi, chuma hiki tu ndicho kigeni.

Akasema, "Kwa hiyo ni mimi." Akaweka kichupa chini. Akasimama mwenyewe, akaenda kitandani, akageukia ukuta.

Zuhura karudi na samaki. Kaona. Kanigeukia. "Mdomo wako huu, Bibi! Mdomo wako huu utamzika baba yangu!"

Samaki hakuna aliyemla. Paka kapata.

Ijumaa, 2 Julai

Kaondoka alfajiri. Shikamoo yake ilikuwa baridi. Kamwachia baba yake karatasi yenye picha za vitufe vya kuwashia, kaibandika kwenye kompyuta. Nilimfungia mihogo ya kuchemsha njiani. Kaichukua. Angeiacha ningekufa pale stendi.

Bakari hajala toka juzi. Maji kidogo. Dawa za presha anazitema.

Jumamosi, 3 Julai

Nimembembeleza. Nimemgombeza. Nimemwambia ukifa nitakuzika, nimezika wengine, lakini nitakuzika kwa hasira. Kavuta shuka usoni.

Chande kaja na tusi mkononi, kamwona, kalimeza. Mtani akikosa tusi ujue nyumba imepinda.

Naogopa. Niliandike hivyo, naogopa. Kama ningenyamaza angekuwa anakula sasa. Angekula uongo, lakini angekula.

Jumapili, 4 Julai

Leo sikuwasha moto. Nilitandika mkeka sakafuni kando ya kitanda chake, nikalala, nikageukia ukuta ule ule. Nikamwambia: nimekuja tutazame wote, labda kuna kitu kizuri mimi sikioni.

Ukuta una ufa, na alama ya moshi wa koroboi. Basi. Hakuna kingine. Jirani alibisha, sikuitika. Adhana ya adhuhuri ikapita, nikaswali, nikarudi kulala. Mgongo uliniuma. Njaa ilinikata tumbo, mimi si mtu wa kushinda njaa nje ya Ramadhani, kila mtu anajua. Tumbo likawa linanguruma. Sikulizuia.

Baada ya alasiri akasema, bila kugeuka: "Mama, una njaa."

Nikasema nina njaa, mwanangu.

"Nenda kale."

Nikasema siendi peke yangu. Nimekuzaa mimi, ukienda huko unakokwenda tutafuatana, ila ujue ninatembea polepole na nitalalamika njia nzima.

Mabega yake yakatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na kulia pia, vyote vilitokea pamoja. Nikakoroga uji. Tulikula kwenye sufuria moja, yeye mkono wa kushoto, na sikumwambia kitu juu ya mkono wa kushoto.

Jumatatu, 5 Julai

Kaomba mafuta ya taa.

Kaifungua shingo mwenyewe. Mkono mmoja. Nilitaka kusaidia, kanifukuza. Kutwa nzima. Kaibana skrubu kati ya magoti, kaisugua jino kwa jino, kaifuta, kaitazama juani, kaisugua tena. Nati ilimponyoka mara kwa mara, ikaviringika chini ya banda la kuku. Tulitambaa wote wawili, mama na mwana, wazee, matako juu. Chande akatukuta hivyo. Huyo alipata chakula chake cha mwezi.

Kakipaka mafuta ya cherehani kile chuma. Kichupa cha nazi kanipa mimi, kasema cha nywele.

Alhamisi, 8 Julai

Anachonga. Anatandika karatasi ya sigara, anatafuta sifuri kwa kidole cha kushoto, macho kafumba. Anafuata picha za Zuhura, anabonyeza. Asubuhi baridi, shingo inapanda mpaka juu. Inashuka mahali pake. Juu. Chini. Ua likiisha tunaisogeza mashine chini, mimi na Chande tunabeba, yeye anaamuru.

Ua la tatu toka juu, petali zake ni za kina kuliko zote. Hilo ni la siku tulipochelewa kusugua. Nilimwambia aliweke gundi na unga wa mbao, alisawazishe. Kasema liache. Kasema Mzee Likwata akiuliza nimwambie fundi alikuwa anajifunza.

Nimempigia Zuhura simu kwenye kibanda. Nimemwambia baba yako anachonga. Nikadhani laini imekatika. Kisha nikasikia anapenga kamasi. Kaniuliza kama ninakula. Nikasema ninakula. Basi, dakika zikaisha.

Jumapili, 11 Julai

Kichwa kinamuuma Bakari. Macho mekundu. Dawa za presha anameza sasa, lakini hapumziki. Nimeificha karatasi ya sigara, kaipata. Nimemwambia mlango hautakimbia. Kasema Mama, mimi ndiye ninayeweza kukimbia.

Sikupenda neno hilo. Nimemwambia alitemee mate. Hakulitemea.

Alhamisi, 15 Julai

Mwanangu amekufa. Juzi, Jumanne, asubuhi.

Nitaandika ilivyokuwa, halafu sitairudia.

Nilikuwa jikoni. Mashine ilikuwa inaimba uani, ile sauti yake ya nyuki, juu, chini. Maadamu inaimba mimi nilikuwa na amani. Uji ukaiva. Nikaupooza kwa kuumimina bakuli hili na hili. Nikatoka nao.

Alikuwa chini, kando ya kigoda, ubavu wa kulia. Macho wazi. Mdomo umekwenda upande. Alikuwa anapumua. Mashine inaendelea kuchonga juu yake, vumbi la mninga linamwangukia usoni na yeye hapepesi.

Nilipiga kelele, watu wakakimbilia gari. Nilikaa chini nikampakata kichwa. Nilitaka kuizima ile mashine, kelele yake, lile vumbi. Sikujua kuizima. Zile picha kwenye karatasi zilikuwa mbele yangu na sikuzielewa. Niliogopa kung'oa waya, nilidhani itamuangukia. Nikamfunika uso kwa kanga yangu, nikainama juu yake vumbi liniangukie mimi. Nikamsomea shahada sikioni. Kidole cha kushoto kiligusa mkono wangu, kikavuta ngozi kidogo. Kidogo sana. Kisha hakikuvuta tena.

Mashine ikamaliza ua lake. Ikanyanyua shingo mpaka juu, ikasimama. Ndipo nikasikia kwamba uani hakuna sauti nyingine.

Tumemzika jana. Zuhura aliwahi. Chande alifanya kazi ya mtani: jeneza lilipotoka, kajitupa mbele yake njiani, kanyoosha mkono juu, kaushusha, kaupandisha, anavuma kama nyuki. Akasema huyu haendi popote, mlango wa watu haujaisha, nilipeni nimpishe. Watu wakacheka, wakampa chochote walichokuwa nacho. Nilicheka mimi. Nilicheka mpaka wakanishika. Baadaye nilimwona nyuma ya nyumba, kalikumbatia rundo la kuni, analia kama mtoto.

Wananiambia presha. Daktari kasema presha. Kama ningenyamaza, asingejituma vile, pengine angekuwa hai. Pengine. Angekuwa kitandani au angekuwa kigodani akichonga kwa uongo wetu. Sijui. Nimejiuliza na sikujibu, na sitajidanganya kwamba nimejibu.

Jumamosi, 24 Julai

Wageni wamepungua. Mikeka imerudishwa kwa wenyewe.

Mzee Likwata alikuja kutoa pole. Mtu mzima, anatembea na fimbo. Alikaa mbele ya mlango muda mrefu, akapitisha kiganja ubawa wa kulia, akapitisha ubawa wa kushoto. Kwenye lile ua la tatu, lenye kina, kiganja kilisimama. Sikumngoja aulize. Nikamwambia fundi alikuwa anajifunza. Akatikisa kichwa, akasema Mungu amrehemu, akaendelea kushuka mpaka chini, penye nafasi moja tupu. Limebaki ua moja.

Hakutaja fundi mwingine. Kasema atafunga turubai mlangoni kwake, atangoja.

Zuhura hajarudi Dar bado. Tunalala chumba kimoja. Hakusema lolote juu ya mdomo wangu, na mimi sikumuuliza. Usiku ananisogelea, miguu yake baridi ananiwekea kama alipokuwa mdogo.

Leo aliifuta mashine. Nilidhani anaifungasha. Kumbe anatandika karatasi ya sigara juu ya ile nafasi ya mwisho. Kaniita. Kanishika kidole, kakiweka juu ya karatasi, kasema vuta. Nikavuta. Ikateleza. Akashusha kisu kidogo. Vuta. Ikateleza. Vuta. Nikaisikia ikishika.

Nikamwambia, achana na sifuri, nionyeshe kwanza pa kuzimia. Kaelewa. Kanionyesha kitufe, nikakibonyeza, nikasahau, kanionyesha tena. Kuna kimoja cha kompyuta na kimoja cha mota ya kisu, na kuna mpangilio. Nimebonyeza vibaya mara nyingi. Kesho tunaendelea. Ua hatulichongi mpaka nijue.

Basi sikia, wewe utakayelifungua daftari hili tena. Usije humu na machozi, yamekwisha kuandikwa. Usije na pengine. Kaa mbali hata mwaka ukitaka. Siku ukiweza kuizima peke yako, bila picha, macho yamefumbwa, ndipo uje, na hilo ndilo uliandike kwanza.